Laxton: Kijiji Kinachokagua Mipaka ya Mashamba Yake Kila Mwaka

Msafiri atokaye London kuelekea kaskazini kwa barabara kuu iitwayo A1, akishaupita mji wa Newark, hukutana na njia nyembamba zinazokata magharibi kuufuata msitu wa Sherwood. Mojawapo ya njia hizo humfikisha Laxton, kijiji kidogo cha mkoa wa Nottinghamshire ambacho hata Waingereza wengi hawakijui. Hakuna ngome iliyosimama wala soko la kutajika. Pana mtaa mmoja mrefu wenye nyumba za matofali mekundu na mapaa ya vigae, kanisa la kale la Mtakatifu Mikaeli, nyumba moja ya wageni, na mashamba yaliyokizunguka kijiji pande zote.

Mashamba hayo ndiyo habari yenyewe. Laxton ndicho kijiji pekee nchini Uingereza ambacho kilimo cha mashamba ya pamoja yasiyo na ua, kilichokuwa desturi ya sehemu kubwa ya Ulaya kwa karne nyingi, kingali kinaendeshwa chini ya mahakama ya wakulima wenyewe. Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti, na sehemu isiyo ndogo ya kazi yangu ni makaratasi ya viwanja vya wakfu: nani alitoa, mpaka unapita wapi, na nani ameusogeza. Niliposikia kwamba kuna wakulima ambao kwa mamia ya miaka wamekuwa wakitembea mipaka ya mashamba yao pamoja, kila mwaka, na kutozana faini bila kwenda kwa wakili, niliona ni safari inayonihusu.

Aliyenipeleka ni mzee wetu mmoja mzaliwa wa Unguja anayeishi Leicester, mji ambao una watu wengi wenye asili ya Afrika Mashariki, hasa tangu Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972. Kutoka kwake hadi Laxton ni mwendo wa gari wa zaidi ya saa moja. Ilikuwa mwishoni mwa Novemba, msimu ambao mchana wa Uingereza ni mfupi kiasi cha kumchanganya mgeni: Adhuhuri huingia kabla ya saa sita, na jua huzama yapata saa kumi za jioni. “Maalim,” aliniambia mzee, “huku majira haya ukichelewa kunywa chai, Alasiri imekupita.” Tulichukua udhu nyumbani na msala tukautia garini.

Ili msomaji auelewe utaratibu wenyewe, na aondoe kwanza mawazoni mwake picha ya shamba la mtu lililozungushiwa uzio. Laxton yapo mashamba makuu matatu: la Magharibi, la Kinu na la Kusini. Kila moja ni uwanja mpana ulio wazi, hauna ukuta wala ua ndani yake, nao umegawanywa ngwe ndefu. Mkulima hamiliki wala hakodi shamba zima. Ana ngwe huku, ngwe kule, katika mashamba yote matatu, na jirani zake wamo katikati. Shamba moja hupandwa ngano kabla ya baridi kuu kuingia, la pili hupandwa mazao ya majira ya kuchipua kama shayiri au maharage, na la tatu hupumzishwa. Mwaka unaofuata zamu huzunguka. Zamani shamba lililopumzika lilifunguliwa kwa mifugo ya kijiji kizima, ikala mabua na magugu na kuacha samadi.

Mgeni huuliza: kwa nini kutawanya ngwe namna hii, badala ya kumpa kila mtu kipande chake kimoja? Jibu liko ardhini. Udongo wa Laxton ni mfinyanzi mwekundu mzito, unaonata kama ulimbo ukilowa. Pako mahali pa juu panapokauka upesi na pako bondeni panapotuama maji. Ngwe zikitawanywa, kila kaya hupata fungu la mahali pema na fungu la mahali pabaya, na mwaka wa mvua nyingi haumfilisi mmoja na kumtajirisha mwingine. Na urefu wa ngwe nao una sababu. Jembe la kukokotwa na mafahali lilikuwa zito, na kuligeuza ilikuwa taabu, hivyo mkulima alipendelea kwenda moja kwa moja mbali kadiri wanyama walivyoweza kabla ya kupumua. Urefu huo ndio uliokuja kuwa kipimo rasmi cha Waingereza, furlong, kiasi cha mita 201. Ekari moja nayo ilikadiriwa kuwa kazi ya jembe moja kwa siku moja.

Hata nyumba za kijiji zinaeleza habari hiyohiyo. Kwingineko Uingereza nyumba ya mkulima husimama peke yake katikati ya mashamba yake, mbali na jirani. Laxton nyumba za wakulima zimepangana mtaani, nyingi zikiwa zimeupa mtaa ubavu, na nyuma yake pana ua wa ng'ombe na maghala. Ardhi yao ikiwa imetawanyika kila upande, pa kukaa palipo karibu na ngwe zote ni pale katikati, karibu na wenzao. Nilimwambia mzee kwamba hii ni kama mitaa yetu ya zamani. Alicheka, akasema tofauti ni kwamba huku hakuna barazani pa kukaa, kwa baridi hii.

Kijiji kimetajwa katika Kitabu cha Domesday cha mwaka 1086, ile orodha ya mali ya nchi aliyoiamuru mfalme William baada ya Wanormani kuiteka Uingereza. Kaskazini ya mtaa pangali na kilima cha udongo kilichorundikwa kwa mikono, ambacho juu yake palikuwa na ngome ya Wanormani. Leo ni majani na kondoo tu. Walioimiliki walikuwa walinzi wa msitu wa mfalme, wenye mamlaka juu ya paa na miti ya Sherwood, na bila shaka mwananchi mnyonge aliyekamatwa na mnofu wa paa aliwajua vema kuliko alivyomjua mfalme.

Lakini hazina ya Laxton ni ramani. Mwaka 1635 mwenye ardhi wa wakati huo, Sir William Courten, alimwajiri mpimaji aitwaye Mark Pierce, akapima kijiji chote na kuchora kila ngwe, zaidi ya 2,000, pamoja na kitabu kinachotaja nani anashika ipi. Ramani hiyo imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Pierce hakuridhika na mistari. Alichora pia watu wadogo wadogo wakilima, wakipanda, wakivuna, na wawindaji wakifukuza paa. Nakala yake ipo kijijini, katika chumba cha maonyesho kilicho uani kwa nyumba ya wageni. Mtu aliyezoea kuhangaika na hati zilizoliwa na mchwa husimama mbele ya karatasi kama ile kwa wivu. Ugomvi wa ngwe ukizuka leo, upo ushahidi wa karibu miaka 400.

Tuje sasa kwenye mahakama. Inaitwa Court Leet, na asili yake ni baraza la mwenye ardhi wa zama za kati. Kila mwaka mwishoni mwa Novemba, ngano ikiwa imekwisha kuota, wajumbe walioteuliwa miongoni mwa wakulima hukutana na kulizunguka shamba lililopandwa ngano mwaka huo. Wanakagua jambo moja baada ya jingine: nani amelima akapitiliza na kuila njia ya wote, nani ameimega nyasi ya pamoja, nani hakuzibua mtaro wake na maji yakaingia kwa jirani. Palipopotoka hupigwa kigingi cha mti kuonyesha mpaka wa haki. Wiki moja baadaye mahakama hukaa chini ya msimamizi, ripoti husomwa, faini hutajwa, na wajumbe wa mwaka ujao huteuliwa kwa ajili ya shamba litakalofuata. Faini zenyewe ni ndogo. Si fedha inayouma, ni jina lako kusomwa mbele ya watu ambao kesho utawaazima trekta.

Wala si mchezo wa kuigiza kwa ajili ya watalii. Mwaka 1977 Bunge la Uingereza lilipozivua mamlaka mahakama nyingi za kale za namna hii, lile la Laxton liliachwa kwa kutajwa jina.

Siku tuliyofika tuliwaona wajumbe kwa mbali, wamepanda tela lililokokotwa na trekta, kisha wakashuka wakatawanyika kondeni wakiwa na viatu vya mpira na vigingi begani. Mzee mmoja wa kijiji aliyesimama kando ya njia alikubali kuzungumza nasi. Nilimuuliza kama kuna anayegombana na wajumbe. Akasema wapo wanaonung'unika, lakini kila anayenung'unika anajua kwamba mwaka kesho huenda yeye mwenyewe atapewa kigingi na nyundo. Nikamuuliza kama mashine kubwa za leo hazimpi mkulima kishawishi cha kumega kidogo kila msimu. Akasema ndiyo, kwa kuwa ni rahisi: unazidisha mfuo mmoja tu, nani ataona? Akaelekeza kidole kwa wale waliokuwa kondeni.

Mfuo mmoja tu. Nilibaki na maneno hayo muda mrefu kuliko aliyoyasema juu ya historia. Sisi tuna kiwanja cha wakfu alichokiacha mama mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu, ili mapato yake yasomeshe watoto. Hati inataja mwembe, kisima na mawe manne ya mpaka. Mwembe umekatwa, kisima kimefukiwa, na jirani wa upande mmoja amesogea kidogo kidogo, leo tuta, kesho ua wa michongoma, keshokutwa msingi wa nyumba. Hakuna siku moja ambayo mtu angeweza kusema: leo ameiba. Mtume wetu (s.a.w.) ametuonya vikali kwamba mwenye kudhulumu hata shibiri ya ardhi atavikwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama, na hadithi hiyo husomwa katika hotuba zetu mara kwa mara. Lakini onyo kubwa kiasi hicho juu ya kipimo kidogo kiasi hicho linataka mtu wa kwenda kupima hiyo shibiri. Laxton wamempata mtu huyo, na wamempata kwa zamu.

Jirani zao waliichagua njia nyingine. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuyafunga mashamba ya pamoja, zikagusa ekari zipatazo milioni 6.8, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya ardhi ya England. Mpimaji alifika, ngwe zikakusanywa, ua ukapandwa, na kila mwenye hati akapewa kipande chake. Watetezi wake walisema, na hawakusema uongo, kwamba mavuno yaliongezeka na mkulima hodari hakusubiri tena jirani mvivu. Ila maskini aliyekuwa na ng'ombe mmoja malishoni, asiye na hati ila desturi ya babu yake, mara nyingi aliamka akakuta ua mbele ya ng'ombe wake. Wengi waliishia kuwa vibarua au wakahamia mijini. Mji wa Southwell, usio mbali na Laxton, bado una jengo kubwa la matofali lililofunguliwa mwaka 1824 kuwapokea mafukara wa eneo hilo, ambamo wanaume, wanawake na watoto walitenganishwa. Mfano wake ulifuatwa sheria ya mafukara ya 1834 ilipotungwa. Sasa ni makumbusho, na atakayefika Laxton asiache kupita huko, ayaone mambo mawili ya historia moja kwa siku moja.

Laxton kwenyewe ukuta ulikaribia. Shamba la nne, la Mashariki, lilifungwa mwanzoni mwa karne ya 20, na katika yale matatu yaliyobaki ngwe zilipunguzwa idadi na kupanuliwa. Mwaka 1952 mwenye ardhi, Earl Manvers, aliiuzia Wizara ya Kilimo ili utaratibu usife. Baadaye Wizara ikataka kuuza, watu wakapiga kelele, na mwaka 1981 ardhi ikaingia chini ya taasisi inayosimamia mali za Ufalme. Mwaka 2020 iliuzwa tena, safari hii ikarudi kwa milki ya Thoresby, ya ukoo uleule wa Manvers. Wakulima waliobaki hawafiki ishirini. Vijana wa huko, kama vijana wa kwetu, huutazama mji. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba mambo haya yamejilinda yenyewe, wala kwamba yamekwisha kupata salama.

Katikati ya mashamba pana vipande vya majani visivyolimika, vya bondeni, ambavyo ni vya pamoja. Kila kiangazi haki ya kukata majani yake hupigwa mnada. Kwa kuwa havijaguswa na jembe, vimejaa maua ya mwituni ambayo kwingineko yametoweka, na serikali imevitambua kuwa hifadhi. Sisi tulivikuta vimesinyaa kwa baridi. Kando ya kimojawapo tulitandika msala, tukaswali Adhuhuri na upepo ukitupiga masikio.

Maeneo ya jirani yana habari zake. Msitu wa Sherwood, na ule mwaloni mkongwe wa Edwinstowe unaohusishwa na Robin Hood, watalii wanaujua vya kutosha, nami sitauongezea neno. Karibu zaidi ni Eakring, ambako wakati wa Vita vya Pili vya Dunia yalichimbwa mafuta kwa siri msituni, na mwaka 1943 wakaletwa wachimbaji zaidi ya 40 kutoka Marekani wakalazwa katika nyumba ya watawa huko Kelham. Mtu angelipa kuwaona watawa na wachimbaji hao wakila meza moja.

Eakring hiyohiyo ina habari nyingine iliyonigusa. Mwaka 1670 alihamia huko kasisi William Mompesson, ambaye miaka michache kabla, tauni ya 1665 na 1666 ilipoingia kijiji cha Eyam katika mkoa wa Derbyshire, aliwashawishi watu wake wasitoke wasije wakaieneza. Walikufa watu wapatao 260, mkewe akiwamo. Inasimuliwa kwamba watu wa Eakring walimwogopa, wakamweka kwanza katika kibanda katika bustani ya Rufford, na akawa akihubiri nje chini ya mti. Waislamu hawawezi kuisoma habari hiyo bila kumkumbuka Sayyidna Umar (r.a.) aliporudi njiani asiingie Sham kwa ajili ya tauni, na hadithi aliyoletewa na Abdurrahman bin Auf, kwamba msiingie nchi yenye tauni, wala msiikimbie mkiwa ndani yake.

Nje kidogo ya Laxton pana pia kituo cha kumbukumbu ya mauaji ya Mayahudi wa Ulaya, kilichofunguliwa mwaka 1995 na familia moja ya Kikristo katika nyumba yao ya shambani, na kuzungushiwa mawaridi. Nilikwenda nikidhani hakinihusu sana kwa safari hii. Kumbe ndugu wawili waliokianzisha ndio walioanzisha shirika la Aegis, ambalo kwa ushirikiano na jiji la Kigali lilijenga makumbusho ya Gisozi, yaliyofunguliwa mwaka 2004, mahali walipozikwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa Rwanda mwaka 1994. Mtu hutoka pwani ya Afrika Mashariki hadi kijiji cha udongo mwekundu, akakuta njia iliyorudi hadi Kigali.

Tulipokuwa tukiondoka giza limeingia, na Magharibi tuliiswali njiani. Kondeni vigingi vipya vilionekana kwa taa za gari, vyeupe juu ya udongo mweusi wa usiku, vikiwa vimesimama mstari mmoja.

Niliporejea niliiandikia kamati yetu waraka wa kurasa mbili, na katika kikao cha Rajabu ulijadiliwa. Mmoja wa wajumbe alisema Waingereza wana ramani, sisi tuna nini? Mzee wetu wa mtaa, ambaye mikutanoni aghalabu hunyamaza, akajibu kwamba jiwe la mpaka la kusini hajaliona kwa miaka mingi lakini anajua limefukiwa wapi, kwa kuwa alikuwapo lilipowekwa. Ijumaa iliyofuata baada ya swala tulikwenda naye, vijana sita, na jembe. Tulichimba kiasi cha kiwiko. Jiwe lipo, na liko hatua nne na nusu ndani ya ua wa jirani. Jirani alitoka nje akatazama, hakusema kitu. Tumemwandikia barua kwa adabu, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa, na Ijumaa ya kwanza ya Shaaban tunakwenda kulitafuta la mashariki.